Kahawa ya Bodi: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Auleria

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Auleria Projestus, fundi mkuu wa umeme wa mashine za ubaridi, anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Kipupwe kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoajiriwa mwaka 1994, karakana yetu ya Mikocheni ilikuwa banda moja la mabati lenye geti la kufungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Leo tuna ghorofa, tuna mapokezi yenye maua ya plastiki, na geti linafunguka lenyewe ukilibembeleza. Mengi yamebadilika. Mama Auleria na mkoba wake wa bisibisi wamebaki walewale.

Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu, nadhani kwa sababu mtunza stoo ndiye aliyegombana naye kuliko mtu mwingine yeyote hapa kazini. Nilipomwendea kumwomba ruhusa, alinipa sharti moja tu: "Mangi, ukiandika ya Mikocheni na ya Tegeta, andika na ya Bunju. Ukiandika mazuri matupu, mie nainuka mbele za watu naenda zangu nyumbani." Wanaomjua wanajua angeinuka kweli. Kwa hiyo ya Bunju yamo, na mtayakuta mbele.

Mama Auleria alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, akasomea ufundi umeme hukohuko kwao. Alikuja Dar es Salaam akimfuata mumewe, Mwalimu Polikarpo, aliyekuwa amepangiwa shule Kinondoni. Miaka ile fundi umeme mwanamke alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mwenye baa mmoja wa Kinondoni alimpokea kwa furaha kubwa, akampeleka moja kwa moja jikoni na kumwonyesha sufuria, akidhani ametumiwa mpishi. Mama Auleria aliangalia sufuria, akaangalia waya uliokuwa unaning'inia juu ya sufuria, akasema jikoni ndipo hasa alipotaka kuanzia. Jioni ile baa ilikuwa na bia baridi, na mwenye baa alikuwa na aibu.

Kwa wageni wetu ambao friza wanaijua kwa kuifungua mlango tu, naomba nieleze kidogo kazi yake. Mashine kubwa ya kupooza chumba cha nyama, samaki au maziwa ina kompresa, yaani moyo wake unaosukuma gesi, na kompresa ni mlaji. Inapowashwa hunyakua umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia. Waya unaopeleka umeme huo una kiasi chake cha kubeba. Ukiuzidishia unapata joto, joto likizidi ganda lake linayeyuka, na ganda likiyeyuka ndani ya dari huna habari mpaka uone moshi. Hapo ndipo inapoingia breka, yaani mlinzi anayekata umeme pale unapozidi uwezo wa waya. Kazi ya Mama Auleria kwa miaka yote hii ilikuwa kuwapatanisha hao watatu, mashine, waya na breka, wakae nyumba moja bila kuumizana.

Watu wengi hudhani breka imewekwa kulinda friza. Mama Auleria amewasahihisha wateja kutoka Bunju mpaka Temeke, na wengine aliwasahihisha kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Breka ni ya waya," alikuwa anasema. "Breka ikikata inakwambia kitu. Wewe unataka kuiziba mdomo."

Alianzia kwenye kibati, kile kidogo kinachobandikwa ubavuni mwa mashine na walioitengeneza. Hakuanzia kwenye mazoea. Kibati kikisema ampea thelathini na mbili, yeye anaongeza robo, zinakuwa arobaini. Halafu yanafuata maswali ya kuwachosha wateja. Bodi, lile sanduku la breka, iko mbali kiasi gani na mashine? Waya utapita kivulini au chini ya bati? Utapita peke yake au utabanwa na wenzake? Waya wa milimita kumi unabeba arobaini kwa raha mahali penye ubaridi, lakini ukiupitisha chini ya mabati ya Tegeta mwezi wa Februari unaelemewa. Basi anaagiza wa kumi na sita, pamoja na breka ya arobaini ya aina inayovumilia mshtuko wa kuwasha. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa inaletwa dirishani kwangu, na ugomvi wetu ulikuwa unaanzia hapo.

Mtunza stoo anapenda roli la waya likae. Yeye alipenda litoke. Nilikuwa namwita Mama Kumi na Sita, na nikimuuliza kwa nini wa kumi usitoshe, alikuwa anajibu kwamba hajawahi kusikia waya mnene ukichoma nyumba ya mtu. Injinia Fredrick, aliyekuwa mkuu wetu kwa miaka mingi, alikuwa anapiga hesabu mezani na yeye anapima saiti. Wakipishana walirudi saiti wote wawili, na aliyekosea alinunua soda. Soda za kila mmoja wao nimezinywa, na sikumbuki za nani zilikuwa nyingi.

Wazee wa hapa bado wanakumbuka kiwanda kidogo cha juisi cha mtaa wa nyuma, ambacho breka yake ilikuwa inakata kila jioni na kila fundi aliyepita aliilaumu breka. Mama Auleria aligeuza ndoo, akaikalia, mita ya kupimia umeme mkononi, akasubiri watu watoke makazini. Kadiri majirani walivyowasha pasi na majiko yao, umeme wa mtaa ulipungua nguvu, na kompresa, ili ifanye kazi ileile, ikavuta zaidi. Wala haikuhitajika breka kubwa. Ulihitajika waya mnene zaidi kutoka kwenye mita, na mashine zipangwe ziwake kwa zamu badala ya kukurupuka zote pamoja. Kiwanda kile kilituletea juisi ya ukwaju kila Krismasi mpaka mwenyewe alipohamia Morogoro.

Sasa ya Bunju.

Mama Auleria alipofika mjini alipanga Tegeta, chumba na sebule, na mlango wa pili alikuwa amepanga Mauwa, binti wa Lindi, muuza samaki. Mmoja alikuwa Mkatoliki wa milimani na mwingine Mwislamu wa pwani, na walipendana kama walionyonya ziwa moja. Walipika jiko moja. Mauwa alimfundisha mwenzake kuchagua samaki kwa jicho lake na shavu lake. Mama Auleria alimfundisha Mauwa kutafuna kahawa, zile buni za kwao Kagera zinazochemshwa na majani yenye harufu kisha zinaanikwa, ambazo mgeni hupewa kabla hata ya maji. Buni moja ina punje mbili ndani. Kwa wazee wa kule, watu wawili wakigawana punje za buni moja wamekuwa ndugu, na undugu huo hauchezewi. Mauwa aliposikia hivyo aliipasua buni kwa meno palepale barazani, akampa mwenzake nusu. Tangu siku hiyo hawakuitana majina. Waliitana shoga.

Mauwa alikuwa mtu wa kujituma. Akapata kiwanja Bunju, akajenga kibanda cha samaki, akanunua friza kubwa, na mwaka 2003 akaongeza ya pili iliyokuwa imetoka hotelini. Friza mbili kwenye waya mmoja mwembamba, chini ya bati, na breka ya ishirini. Bila shaka breka ilikata. Samaki wakaanza kulegea, na Mauwa akamwita shoga yake.

Mama Auleria alikwenda Jumapili asubuhi akitoka misa ya kwanza. Ulikuwa mwezi wa Julai, hewa ya kipupwe, mashine zinafanya kazi kwa uvivu. Alipima, akaona mita haitishi. Alijua waya unatakiwa kubadilishwa, lakini waya hakuwa nao na stoo Jumapili imefungwa. Mauwa akamwambia: "Shoga, samaki wanaoza hivi nawaona. Niwekee hata kubwa, ya muda tu." Fundi ambaye angemkatalia waziri alishindwa kumkatalia Mauwa. Akaweka breka ya thelathini na mbili, akaahidi kurudi wiki ile na waya mpya.

Wiki ile mtoto wake akaugua. Iliyofuata alitumwa Temeke kwenye kazi ya chumba cha nyama iliyochukua mwezi. Na breka ya Bunju ilikuwa imenyamaza, haikati, haisumbui mtu, na kisichosumbua husahaulika. Kipupwe kikapita. Januari likaja jua lenyewe. Friza zikavuta kwa nguvu zote, waya mwembamba ukabeba usichoweza, na breka kubwa ikatazama tu. Dari la Mauwa lilishika moto mchana, majirani wakauzima kwa mchanga na ndoo. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini friza zote mbili ziliungua, samaki wote wakaharibika, na Mauwa akarudi kukaanga vibua kando ya barabara kama alivyoanza.

Mama Auleria alikwenda mwenyewe kwa Injinia Fredrick akamweleza kabla hajasikia kwa watu, akapewa onyo, akalipokea. Halafu akaenda Bunju na mabati, misumari na kopo la kahawa. Mauwa alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akapokea mabati kwa mikono miwili. Hakumgombeza. Alipomsindikiza mpaka barabarani alimrudishia kopo likiwa limefunikwa vilevile. "Chukua kahawa yako, shoga." Mama Auleria aliwahi kunieleza kwamba angetukanwa angelala usingizi.

Kopo lile ndilo hili lililoko mezani leo, la maziwa ya unga, lenye mfuniko wa bluu. Alirudi nalo kazini, na kutoka siku hiyo karakana ya Kipupwe ikapata sheria ambazo hazijaandikwa popote. Neno "kwa muda" likapigwa marufuku. "Kwa muda ni jina lingine la kusahau," alisema, na fundi aliyelitamka mbele yake alitamani ardhi ipasuke. Kila mashine ikawa inapimwa jua likiwa utosini, chumba kimejaa mzigo, siyo asubuhi wala kwenye manyunyu. Baada ya kupashwa joto hivyo umeme unazimwa na skrubu zote za bodi zinakazwa upya, kwa sababu joto hulegeza. Halafu ndiyo inakuja kahawa.

Wageni wetu huenda hawajaiona kahawa ya bodi, basi niwaeleze. Mafundi wote waliofanya kazi husimama mbele ya bodi. Kopo linapitishwa, kila mtu anachukua buni moja na kuifumba kiganjani. Hairuhusiwi kutafuna. Mashine iliyopumzishwa inawashwa kwa mara ya mwisho, ikiwa na mzigo wake wote, na kila jicho linakuwa kwenye breka. Inanguruma, taa zinafifia kidogo, zinarudi. Tunasubiri mpaka mashine itulie. Ndipo Mama Auleria anasema neno moja, "Imekaa," na sisi tunatafuna. Asiyesikia neno hilo hatafuni, na asiyetafuna haondoki.

Meneja mmoja wa hoteli alilalamika kwa simu kwamba mafundi wetu wamesimama ukutani wamefumba viganja, na akauliza kama ni dua ya kuombea friza yake. Ismail, ambaye leo anakabidhiwa nafasi ya Mama Auleria, alipoajiriwa alitema kahawa ya kwanza kwenye kiatu changu, kwa sababu ni chungu, tusidanganyane. Bi. Jesca wa mapokezi aliwahi kushauri buni zibadilishwe ziwe peremende. Ushauri huo haukurudiwa.

Sisi wote tulikula kahawa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini, huku tukijua kwamba kuna bodi moja tu aliyoitaka, na kwamba bodi hiyo haikumtaka. Mauwa alikuwa amesimama tena. Alijenga upya, mbele kidogo ya kibanda cha zamani, akaita mafundi wengine. Wakikutana sokoni au msibani walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Kilichobaki hakikuzungumzwa.

Miaka miwili iliyopita kamati ilianza kumuuliza Mama Auleria angependa zawadi gani siku ya kustaafu. Tulitegemea aseme kochi au ng'ombe. Akasema anataka kuvuta waya mmoja Bunju kabla hajaondoka, basi. Bi. Jesca, ambaye haogopi mtu, alipanda gari akaenda kumwona Mauwa. Alirudi na jibu ambalo hakutaka kulisema, tukamlazimisha. "Mwambieni shoga yenu mie nilishamsamehe zamani, wala sina kinyongo. Ila kumsamehe mtu ni moyo, na bodi ni nyumba." Mama Auleria alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema Mauwa amesema kweli. Siku hiyo hakuja dirishani kwangu kugombana, na nilikosa raha mpaka kesho yake.

Halafu ikaja Jumamosi Kuu ya mwaka jana, kwenye bucha ya Bwana Kasimiri, Tegeta. Bwana Kasimiri ni mwanajumuiya mwenzake Mama Auleria, na ndiye aliyemsimamia mjukuu wake ubatizo. Nyama ya Pasaka ya jumuiya nzima ilikuwa kwenye chumba chake cha baridi, na yeye alikuwa ameongeza mashine ya barafu bila kumuuliza mtu. Breka inakata, nyama inatoa jasho, watu wamejaa mlangoni. Bwana Kasimiri alimwomba karibu apige magoti: "Dada yangu, weka kubwa hata kwa leo tu. Kesho Pasaka, jumuiya itakula nini?"

Ismail alikuwepo, na anasema Mama Auleria alifumba macho kabla ya kujibu. "Kaka yangu, hiyo leo tu ndiyo iliyomchoma shoga yangu. Siweki." Kisha aligeuka, akamkuta Mauwa amesimama nyuma yake na ndoo za kamba wabichi. Alikuwa ameleta mzigo wa sikukuu. Walisalimiana, salama na salama, na kazi ikaendelea. Mashine ya barafu ilizimwa ili waya upumue. Nusu ya nyama ikapakiwa kwenye gari letu ikaletwa kwenye chumba cha majaribio hapa Mikocheni. Bwana Kasimiri alinuna, lakini alinuna nyama yake ikiwa salama. Mauwa alisema anasubiri ndoo zake. Ndoo zilishamwagwa mapema, na yeye akaendelea kusubiri, mpaka kopo likapita, mpaka mashine ikawashwa, mpaka neno likasemwa. Halafu akabeba ndoo zake akaondoka bila kuaga.

Tulingoja simu yake karibu mwaka mzima, sina haja ya kujifanya hatukungoja. Ilikuja Januari hii. Bi. Jesca aliipokea, akaiweka kwa sauti, na mapokezi yote tukasikia: "Nina chumba kipya cha samaki. Mleteni yule Mhaya wenu. Aje na jua."

Kibati cha mashine ile kilisema thelathini na mbili. Niliukata waya wa kumi na sita kabla sijaletewa karatasi, nikaongeza mita mbili za kusazia, nikapanda gari kuupeleka mwenyewe. Sikuwa na kazi Bunju. Nilitaka kuona.

Mauwa alikuwa ameweka kiti mbele ya ukuta utakaobeba bodi, kanga mabegani, na alitoa sharti moja: waya usifichwe darini, upite ukutani mahali anapoweza kuuona akifagia. Mama Auleria alisema ndivyo alivyotaka na yeye. Mikono ambayo nimeiona ikifunga bodi za fezi tatu huku mwenyewe anaimba sauti ya pili ya kwaya, siku hiyo iliangusha bisibisi. Ismail akaiokota, akataka kumsaidia, Mama Auleria akamrudisha nyuma kwa kiwiko. Kila skrubu ya bodi ile aliikaza mwenyewe.

Jua la Februari la Bunju mnalijua. Chumba kilijazwa samaki, mashine ikaachwa ivute kutwa. Umeme ukazimwa, skrubu zikakazwa upya, mashine ikapumzishwa. Kopo likapita. Mauwa hakupewa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpelekea. Mashine ikawashwa kwa mara ya mwisho, ikanguruma, taa ikafifia, ikarudi. Tukasubiri. Mashine ikatulia, sauti yake ikawa laini, na breka iko palepale.

Tulimtazama Mama Auleria atamke neno. Alifungua mdomo, likagoma. Sisi tumesimama na buni viganjani, hatuwezi kutafuna, hatuwezi kuondoka, na hakuna aliyejua la kufanya, maana jambo hilo halijawahi kutokea.

Mauwa akanyanyuka kwenye kiti. Akaenda ukutani, akapitisha mgongo wa mkono wake juu ya bomba la waya, taratibu, kutoka kwenye mashine mpaka kwenye bodi, kama mama anayempima mtoto homa. Lilikuwa baridi.

"Imekaa, shoga," alisema.

Kisha akachukua buni kutoka kwenye kopo, akaipasua kwa meno, punje moja akaibakiza, ya pili akamtia Mama Auleria kiganjani. Mama Auleria alilia mbele yetu wote. Mimi pia nililia, na Ismail anayesema ilikuwa ni jasho la jua tumuache na jasho lake.

Hiyo ndiyo ya Bunju, Mama, nimeiandika kama ulivyoagiza. Na kwa kuwa wageni wataanza kuuliza, samaki walioko kwenye sahani zenu mchana huu wametoka kwenye chumba kilekile, wameletwa na Mauwa mwenyewe, na yeye ndiye aliyekaa meza kuu upande wa kushoto, mwenye kanga ya zambarau, anayewakataza watoto wasichezee kopo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kipupwe, tunamshukuru Mwalimu Polikarpo na watoto kwa kutuazima mama yao kwa muda mrefu namna hii, na kwa chakula kilichopoa mara nyingi wakimngoja. Tunakushukuru wewe, Mama Auleria, kwa kila bodi ambayo haikuungua. Hakuna anayeandika habari za nyumba ambayo haikushika moto, ndiyo maana wengi wanaolala salama hawajui jina lako. Sisi tunalijua. Kopo anabaki nalo Ismail, na umemwachia buni za kutosha. Umesema kila Januari utakuwa Bunju kukaza skrubu za Mauwa, na ukihitaji waya, dirisha langu unalijua. Sitakuuliza kwa nini wa kumi usitoshe.

Nenda kapumzike nyumbani kwako, ule samaki wa shoga yako, uimbe kwaya, uwalee wajukuu. Maisha yako mbele yawe ya kivulini, na Mungu akupe siku nyingi zenye afya. Miaka thelathini na mmoja umeibeba na mzigo wake wote, jua likiwa utosini, na sisi tuliosimama ukutani tumefumba viganja tunaona.

Imekaa, Mama. Tunatafuna.

Godlisten (Mangi), Stoo